Unga Mikononi, Bahasha Mfukoni

*Mwaka Mpya wa Kichina ni sikukuu ya watoto. Lakini wakubwa wanabishana: mtoto apelekwe kwa bibi yupi, awashe fataki au asiwashe, na fedha za bahasha nyekundu ni mali ya nani?*

Saa kumi alasiri ya mkesha wa mwaka mpya, katika nyumba nyingi za kaskazini mwa China, meza ya kulia chakula huwa imegeuka kibao cha chapati. Bibi amekanda unga tangu mchana. Anausokota uwe kama kamba nene, anaukata vidonge vidogo, na baba anavisukuma mpaka kila kimoja kinakuwa duara la upana wa kiganja. Mama anatia katikati nyama ya kusaga iliyochanganywa na kabichi, anakunja, anabana kingo kwa vidole. Hiyo ndiyo jiaozi. Ukiitazama utasema ni sambusa ndogo, ila hii huchemshwa.

Kando yao, juu ya kigoda, amesimama mtoto wa miaka minne. Naye amepewa duara lake. Nyama inamtoka upande mmoja, kingo zinakataa kushikana, na kile anachokiweka kwenye sinia hakifanani na kitu chochote.

Ipo nyumba ambayo kitu hicho hupangwa pamoja na jiaozi nzuri, kikachemshwa, na babu akakigombania. Na ipo nyumba ambayo mtoto ameshaambiwa asisogee asije akachafua nguo mpya, akakalishwa kwenye kochi na kupewa simu.

Mhariri alinipa swali moja: familia za China zenye watoto wadogo zinasherehekea vipi sikukuu yao kubwa siku hizi? Kadiri nilivyolifuatilia, swali lilizidi kunirudisha kwenye meza ile. Wachina wenyewe husema mwaka mpya ni wa watoto. Lakini karibu kila jambo ndani yake, kuanzia safari, fataki na fedha hadi nyumba ya kulala usiku huo, lina ugomvi wa wakubwa, na katika ugomvi huo mtoto haulizwi.

Mwezi uleule, hesabu nyingine

Msomaji aliyezoea kungoja mwandamo wa Idi atalielewa jambo hili upesi. Mwaka mpya wa jadi wa China huanza na mwezi mpya, katika siku inayoangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2026 siku hiyo ilikuwa 17 Februari, mwanzo wa mwaka wa Farasi, na mwezi mpya huohuo ndio uliofungua Ramadhani.

Tofauti ni mbili. Waislamu wengi hungoja hilali ionekane kwa macho. Wachina hupiga hesabu ya mwezi kuzaliwa, hata kama hakuna aliyeuona. Pili, miezi 12 ya mwandamo hupungukiwa na siku 11 hivi ukilinganisha na mwaka wa jua, ndiyo maana Idi huzunguka misimu yote. Wachina huongeza mwezi mzima, mara 7 katika kila miaka 19, ili sikukuu isihame mahali pake. Mwaka 2025 walikuwa na mwezi wa sita mara mbili.

Kwa hiyo sikukuu hii, Chunjie, hukaa palepale ukingoni mwa baridi, mimea ikijiandaa kuchipua. Desemba 2024 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na mwezi mmoja kabla yake serikali ya China ilikuwa imeuongeza mkesha wenyewe katika siku rasmi za mapumziko.

Lakini mtoto haanzi na mkesha. Kwake sikukuu huanza wiki moja kabla, tarehe 23 ya mwezi wa mwisho kwa watu wa kaskazini na 24 kwa wa kusini, siku ya kumuaga Zaowang, mungu wa jikoni. Picha yake huwa imebandikwa juu ya jiko mwaka mzima, ikisikia kila lililosemwa. Siku hiyo anapanda mbinguni kutoa taarifa. Basi familia humpaka mdomoni peremende ya kimea, tamu na yenye kunata, ili aseme matamu tu au midomo isifunguke kabisa. Picha huchomwa. Peremende iliyobaki ni ya watoto.

Kisha nyumba hufagiliwa hadi mvunguni, kwa maana siku ya kwanza ya mwaka ufagio haushikwi, usije ukazoa bahati na kuitupa nje. Karatasi nyekundu zenye beti mbili zinazolingana hubandikwa kwenye miimo ya mlango. Herufi *fu*, yaani neema, mara nyingi hubandikwa kichwa chini, kwa sababu neno la kupinduka na neno la kufika hutamkwa sawa: neema imepinduka, neema imefika.

Hapa ndipo sikukuu inaponivutia kuliko penginepo. Karibu kila chakula na kila pambo ni fumbo la maneno. Samaki huliwa kwa sababu *yu*, samaki, hulingana kwa sauti na ziada. Na katika nyumba nyingi samaki huyo hamalizwi usiku huo, ili ziada ivuke mwaka. Keki ya mchele wa kunata, *niangao*, inasikika kama kusema mwaka hadi mwaka tupande juu. Mtoto anayeuliza kwa nini tunakula hiki anajibiwa kwa mchezo wa sauti, na anayeshika mchezo huo ameshika lugha yake. Sisi tuliokuzwa kwa vitendawili vya bibi tunajua thamani ya darasa la namna hiyo.

Usiku wa mkesha mtoto ana kazi nyingine, kukesha. Tangu zamani huaminiwa kwamba watoto wanaopigana na usingizi mpaka mwaka mpya uingie huwaongezea wazazi umri. Nimewahi kusikia imani nyingi zinazomkataza mtoto jambo. Hii ni miongoni mwa chache zinazomkabidhi maisha ya mama na baba yake.

> Mtoto anayepigana na usingizi usiku wa mkesha, huaminiwa, huwaongezea wazazi wake umri.

Tiketi ya kurudi nyumbani

Ili mtoto akeshe na wazazi, lazima wazazi wawepo. Hapo ndipo penye jeraha.

China ina wafanyakazi karibu milioni 300 waliotoka vijijini kutafuta riziki, wengi wao katika miji ya mbali. Kanuni za usajili wa makazi, *hukou*, kwa miaka mingi ziliwafanya watoto wao wapate shida kuingia shule za serikali mjini. Wengi wakaachwa kijijini kwa bibi na babu. Hesabu ya serikali mwaka 2016 iliwapata watoto milioni 9.02 vijijini ambao wazazi wote wawili wako mbali, au mmoja yuko mbali na aliyebaki hana uwezo wa kuwalea. Mwaka 2018 walikuwa milioni 6.97, na 96 kati ya kila 100 walikuwa mikononi mwa bibi na babu.

Kwa watoto hao, sikukuu ni jina jingine la kuonana na mama. Ndiyo maana China husafiri kama isafirivyo. Msimu wa safari, *chunyun*, huchukua siku 40, na mwaka 2025 zilihesabiwa safari zaidi ya bilioni 9, nyingi zikiwa za magari ya binafsi. Anayewajua Wachaga na safari ya Moshi kila Desemba, mabasi yakijaa wiki mbili kabla na nauli ikipanda, achukue picha hiyo aizidishe mpaka akili ikatae.

Mambo yamelainika kiasi. Treni za mwendo kasi zimefupisha safari za siku nzima kuwa za saa chache. Na tangu Januari 2023 tiketi ya mtoto hupimwa kwa umri badala ya urefu: chini ya miaka 6 hupanda bure na mzazi wake, na hadi kabla ya 14 hulipa nauli ya mtoto. Zamani mtoto aliyerefuka mapema alisimamishwa kwenye alama ya ukutani, akavuka sentimita moja, na baba akaingia mfukoni.

Baadhi ya familia zimegeuza njia. Badala ya wazazi kurudi kijijini, bibi na babu hupanda treni kuelekea mjini, kinyume cha mkondo, ambako tiketi hupatikana kwa urahisi na hata kwa bei nafuu. Wanaolitetea jambo hili husema mtoto mchanga hateswi na msongamano wala baridi ya kijiji. Wanaolipinga huuliza: katika ghorofa ya kupanga, ukoo utakusanyika wapi? Makaburi ya mababu yatatembelewa na nani? Mtoto atajuaje kwamba ana kwao?

Mimi nadhani swali la mwisho lina uzito. Lakini mtoto wa miaka mitatu kwao ni pale alipo mama yake. Miaka ya kumfundisha kijiji bado ipo. Miaka ya kumbeba mgongoni haipo tena.

Bibi wa ndani, bibi wa nje

Mwaka 2011 runinga ya TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kisa cha Mao Doudou, mke kijana anayehangaika kati ya mama wakwe wawili kwa kuwa wazazi wa mumewe waliachana. Tanzania nzima ilimwelewa Doudou bila kuhitaji mkalimani.

Ugomvi kama wake hupamba moto kila mwisho wa mwaka. Desturi yasema mkesha huliwa kwa wazazi wa mume, na binti aliyeolewa hurudi kwao siku ya pili akiwa na mume, watoto na zawadi. Lugha yenyewe imelitia jambo hili muhuri: katika sehemu nyingi mama wa mama huitwa *waipo*, na ndani ya neno hilo mna *wai*, nje. Bibi wa nje.

Desturi hiyo iliwezekana nyumba zilipokuwa na watoto watano, sita. Binti akienda, kaka zake walibaki. Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 2015, ilileta kizazi ambacho mume hana ndugu na mke hana ndugu. Mkesha ukifika, nyumba moja itakuwa na wazee wawili wanaotazamana mezani.

Sasa kila familia ina mkataba wake. Wengine hupokezana mwaka kwa mwaka. Wengine hukodi meza hotelini na kuwakalisha wazee wote wanne pamoja. Wengine hutengana kwa siku tatu, kila mmoja kwao, na hapo huzuka swali gumu zaidi: mtoto abaki na nani? Mjukuu mmoja, vifua vinne vinavyomngoja.

Mtoto mwenyewe hajui *ndani* wala *nje*. Anamjua bibi anayempa unga achezee.

Baruti na mapafu

Fataki kwa Kichina huitwa mianzi inayolipuka, kwa sababu kabla ya baruti watu walitupa mianzi motoni ikapasuka kwa kishindo. Hadithi wanayosimuliwa watoto ni ya Nian, dubwana lililokuja kila mwisho wa mwaka kula watu, likakimbizwa kwa kelele, mwanga na rangi nyekundu. *Nian* ndilo neno lenyewe la mwaka.

Beijing ilipiga marufuku fataki mjini mwaka 1993, ikalegeza mwaka 2005, na ikakaza tena mwishoni mwa mwaka 2017 ndani ya barabara ya tano ya mzunguko. Mamia ya miji ilifuata njia kama hiyo. Hoja hazikuwa za kubuni: moshi wa usiku mmoja huijaza hewa chembe ndogo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, hospitali hupokea watoto walioungua vidole na macho, na wazima moto hawalali.

Upande wa pili ukasema mwaka umekuwa kimya kama siku ya kawaida. Mwishoni mwa Desemba 2023 kamati ya sheria ya Bunge la China ikaingilia: amri za kukataza kila mahali na kila wakati, ilisema, haziendani na kanuni za taifa, ambazo huruhusu mji kuweka mipaka ya mahali na saa. Miji kadhaa ikalegeza kamba.

Mzazi wa mtoto mdogo anasimama katikati. Kuna viberiti vya karatasi vinavyolia *pa!* vikitupwa chini, na mtoto wa miaka mitano huviona ni ushujaa wa kutosha. Kuna vijiti vya nyota, ambavyo wengi huvidhania ni salama kwa kuwa havipasuki, kumbe ncha yake hufikia zaidi ya nyuzi 1,000 za joto. Na kuna hatari ambayo wazima moto wa China huirudia kila mwaka: mtoto akidondosha fataki kwenye tundu la maji machafu, gesi iliyojikusanya chini hulipuka na kurusha kifuniko cha chuma hewani. Watoto wamekufa hivyo.

Katika hili sina kigugumizi. Asiyefika kifuani mwa baba yake asishike baruti. Ashike sufuria na mwiko, apige kelele mpaka achoke; Nian wa hadithi aliogopa kelele, hakuuliza imetoka wapi.

Fedha za kukandamiza mwaka

Ugomvi mrefu kuliko wote umo ndani ya bahasha ndogo.

Wengi huiita *hongbao*, kifuko chekundu. Jina lake la zamani ni *yasuiqian*, fedha za kukandamiza *sui*. Na *sui* ina maana mbili kwa sauti moja: mwaka wa umri, na pepo ambaye usiku wa mkesha huja kugusa vichwa vya watoto waliolala na kuwatia homa. Sarafu za shaba zilifungwa kwa uzi mwekundu na kuwekwa kwenye mto wa mtoto ili zimzuie. Kwa hiyo mwanzo wake ilikuwa hirizi kabla ya kuwa zawadi.

Adabu zake mtoto hufundishwa mapema. Apokee kwa mikono miwili. Atamke salamu ya mwaka. Asiifungue mbele ya aliyempa. Noti ziwe mpya, hesabu isiwe na nne, kwa kuwa nne hukaribiana kwa sauti na kifo. Nane na sita hupendwa. Huko Guangdong kila aliyeoa au kuolewa huwapa ambao bado, hata wakiwa watu wazima, na kiasi huwa kidogo, yuan 5 au 10, kwa kuwa kinachotolewa ni baraka. Sehemu nyingine bahasha imevimba mpaka vijana wanaofanya kazi mjini huogopa kurudi kwao wakihesabu wapwa.

> Kwa asili bahasha ilikuwa hirizi ya kumlinda mtoto aliyelala.

Wageni wakishaondoka, katika mamilioni ya nyumba, mama hunyoosha mkono: lete nikuwekee.

Niliposoma hayo nilitabasamu kwa uchungu kidogo. Asubuhi za Idi tulipita nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi, mifuko ya kanzu ikawa mizito kwa sarafu, na jioni tukasikia maneno hayohayo kwa Kiswahili. Bado nakumbuka uzito ule, na wepesi uliofuata.

Mama wa Kichina ana hoja nzito, na haifai kupuuzwa. Fedha ile, husema, haikutoka mbinguni. Shangazi amempa mwanangu yuan 500 kwa sababu mwaka jana nami nilimpa mwanawe 500. Na nyumba ile ina watoto watatu, yangu mmoja. Ni nipe nikupe ya wakubwa inayopitia mikononi mwa mtoto. Zikikaa kwa mtoto, za kurudisha zitatoka wapi?

Sheria inasema vingine. Kwa Sheria ya Kiraia ya China iliyoanza kutumika 1 Januari 2021, zawadi aliyopewa mtoto ni mali ya mtoto. Mwenye miaka 8 na kuendelea anaweza kuipokea mwenyewe. Aliye chini ya hapo hupokelewa na mlezi. Na kifungu cha 35 kinamkataza mlezi kuigusa mali hiyo isipokuwa kwa faida ya mtoto. Si maneno ya kwenye karatasi tu: wapo watoto waliowashtaki wazazi, mara nyingi baada ya ndoa kuvunjika, na mahakama zikaamuru fedha zirudishwe.

Nchi imegawanyika juu ya jambo hili. Wapo wanaoona ni aibu kwa mtoto na mzazi kusimama mbele ya hakimu kwa ajili ya kifuko chekundu. Wapo wanaosema aibu ilianza siku mzazi alipoahidi kuweka na asiweke. Katikati yao wamejitokeza wazazi wanaofungua akaunti ya benki kwa jina la mtoto, wakaweka sehemu kubwa na kumwachia mkononi kiasi cha kwenda nacho gulioni.

Nasimama na hao wa katikati, na natilia mkazo kile kiasi cha mkononi. Akaunti ni ya mtu mzima ajaye. Mtoto wa miaka sita haioni. Anachokiona ni siku ya tatu au ya nne ya mwaka, kwenye gulio la hekalu kama lile la Ditan jijini Beijing: mshikaki wa matunda mekundu yaliyogandishwa kwa sukari, fundi wa sukari ya moto anayechora farasi kwa kijiko, kinyago cha tumbili. Anatoa noti yake, anapokea chenji yake, anajuta au anafurahi kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kuna tishio jingine kwa bahasha, nalo halina mgomvi. Januari 2014 programu ya WeChat ilianza kutuma *hongbao* kwa simu, na mwaka uliofuata taifa zima lilikuwa likitikisa simu mbele ya tamasha la runinga la mkesha, lile linalorushwa tangu 1983. Ni rahisi, na mjomba aliye ng'ambo hufurahi. Lakini hirizi ile iliyolala chini ya mto imekuwa namba kwenye kioo cha baba. Mtoto hawezi kuinusa, hawezi kuikunja, hawezi kuipoteza.

Kazi ya mikono midogo

Wazazi wengi vijana, wenyewe waliolelewa wakitazama tu, wanaanza kugutuka. Zipo shule za chekechea zinazowafundisha watoto kukata karatasi nyekundu za madirishani wiki moja kabla ya likizo. Huko Guangzhou familia nzima huenda soko la maua siku za mwisho za mwaka, na mtoto hurudi akiwa ameshika kinu cha upepo cha karatasi, huku baba akibeba mti wa machungwa madogo wenye jina linalosikika kama dhahabu na bahati. Amechagua mti ule yeye. Atauangalia kila asubuhi.

Kuwapa watoto kazi kunataka uangalifu. Desturi ya kaskazini ya kuficha sarafu au karanga ndani ya jiaozi moja, ili atakayeipata awe mwenye bahati, ni furaha kwa mwenye miaka tisa na ni hatari kwa mwenye miaka miwili. Niangao na *tangyuan*, vidonge vya mchele wa kunata vya usiku wa kumi na tano, hukwama kooni kwa urahisi. Vikatwe vidogo, na mtoto ale amekaa. Familia nyingine huweka kipande cha tende laini mahali pa sarafu. Bahati haikupungua.

Usiku huo wa kumi na tano, Yuanxiao, mwezi ukiwa mpevu, ndio mwisho wa yote. Taa huning'inizwa mitaani na vitendawili huandikwa juu yake. Shanghai wana ya kwao: sungura wa karatasi nyeupe aliyeundwa kwa vijiti vya mianzi, mwenye magurudumu manne ya mbao, mshumaa ukiwaka tumboni. Mtoto humvuta kwa kamba uchochoroni. Njia ikiwa na mashimo sungura huyumba, mshumaa hulala, karatasi hushika moto. Wazee wa mji ule wakiulizwa utoto wao hawaanzi na sungura waliofika nyumbani. Huanza na yule aliyeungua.

Siku hizi madukani wamejaa sungura wa plastiki, wa betri, wanaoimba. Hawana madhara na wala siwakatazi. Ila karibu na bustani ya Yuyuan zingali zinauzwa taa za karatasi, na wapo babu wanaokaa na wajukuu mezani wakapinda mianzi, wakabandika manyoya ya karatasi kwa gundi, sikio moja likitoka refu kuliko jingine. Ndani huweka taa ndogo ya betri, kwa kuwa mjukuu ana miaka minne.

Giza likiingia humshikisha kamba. Mtoto hutembea hatua tatu, husimama, hugeuka nyuma kuangalia. Sungura yupo, anamfuata.